Mama Damiani na Kichwa cha Kwenye Kompyuta

Babati, Ijumaa, 28 Novemba 2025

Kwa Otilia Massay, Mama Damiani, wa Kitengo cha Picha

Ifikapo Jumatano ya tarehe 31 Desemba mwaka huu, Otilia Massay atafikisha miaka thelathini na miwili ya kazi katika hospitali yetu, na siku hiyohiyo atastaafu. Wengi wetu hatumjui kwa jina hilo. Ukiuliza getini Otilia yuko wapi, mlinzi atakuna kichwa. Ukisema Mama Damiani, atakuonyesha kwa kidole chumba kidogo mwisho wa korido ya picha, chenye feni mbili, pazia la kijani na kompyuta ambayo haizimwi.

Theodory wa utawala ameniomba niandike wasifu huu kwa sababu meza yangu ya mapokezi inatazamana na mlango wa chumba hicho. Alisema uwe mfupi na uwe wa furaha. Furaha nitajaribu. Kuhusu ufupi, Theodory mwenyewe anajua kwamba nikianza kumsema Mama Damiani chai yangu hupoa mezani.

Alizaliwa kwenye vilima vya Mbulu, katika nyumba ya wakulima wa ngano na maharage. Alifika Babati Januari 1994 na sanduku la bati, akiwa fundi wa eksirei aliyetoka chuoni, wakati mkoa wa Manyara ulikuwa haujazaliwa na barabara yetu kuu ilikuwa vumbi tupu. Picha za eksirei za siku zile zilioshwa kwa dawa ndani ya chumba cha giza, kisha zikakaushwa. Mwaka mmoja kikaushio kikaharibika, naye akazianika kwenye kamba ya nguo nyuma ya jiko. Kisa hiki nilikikuta kinasimuliwa. Mpishi wa wakati ule, marehemu Mama Benadetha, alitoka na beseni la kanga zake, akasimama, akatazama kamba yote.

"Wewe binti," akasema, "hizi mbavu za watu unaziondoa lini nianike nguo?"

Mbavu zilikaa pale mpaka jioni, na kanga zikaenda uzioni. Inasemekana Mama Benadetha ndiye aliyekuja kuwa rafiki yake mkubwa hapa kazini, na kwamba tangu siku hiyo alikuwa akimwekea ukoko wa wali kwenye bakuli lake peke yake.

Baadaye hospitali ilimpeleka Dar es Salaam kusoma fizikia ya tiba. Wengi walimuaga kabisa. Walidhani mji mkubwa utambakiza, maana huko walikuwa wanamtaka. Alirudi mwaka ambao mashine yetu ya CT, ile ya kupiga picha za ndani ya mwili, ilikuwa inasimikwa. Alirudi kwa basi, akiwa amepakata kompyuta iliyofungwa kwenye blanketi. Kondakta alitaka kuiweka kwenye buti.

"Mama, mzigo huo unaenda chini."

"Huu si mzigo," akamjibu. "Humu kuna kichwa cha mtu."

Alikuwa anasema kweli kwa namna yake, lakini kondakta hakuuliza zaidi, na abiria wa kiti cha jirani alihamia nyuma. Mama Damiani alifika Babati amenyoosha miguu vizuri kuliko abiria yeyote.

Kichwa hicho ndicho kazi yake kubwa. Kwa kuwa jarida hili linasomwa na wote, hata ndugu zetu wa bustani na jikoni, nitakieleza kama alivyonieleza mimi, niliyeishia kidato cha nne. Picha za mgonjwa mwenye uvimbe kichwani zinatoka kwenye mashine ya CT na kuingizwa kwenye kompyuta. Kompyuta inajenga kichwa kilekile, na fuvu lake na ubongo wake. Ubongo huo unagawanywa vipande vidogo sana, vinavyobanana kama punje kwenye gunzi. Kila kipande kinaambiwa ulaini wake: hiki laini kama uji uliopoa, hiki kigumu kidogo, hiki ni mfupa, hakisogei. Kisha uvimbe unawekwa mahali pake na kuambiwa ukue. Unapokua unamsukuma jirani, jirani anamsukuma jirani yake, na fuvu halitanuki. Uvimbe haudhuru kwa kuota tu, alikuwa akituambia. Unadhuru kwa kubana. Kazi ya Kichwa ilikuwa kuonyesha msukumo unaelekea wapi, na nani atabanwa kwanza.

Hesabu moja ilichukua siku kadhaa, kompyuta ikinguruma na feni zote mbili zikiipepea. Ndiyo maana juu ya swichi palibandikwa karatasi yenye maandishi makubwa: USIZIME, MTU ANAHESABIWA. Hatibu wa usafi alipokuwa bado mgeni aliingia na mashine ya kusugulia sakafu, akaiona skrini nyeusi, akachomoa waya. Mama Damiani aliporudi alikuta sakafu inang'aa na hesabu ya siku nyingi imepotea.

"Mama Damiani, niliikuta imelala," Hatibu alijitetea, "nikaona niizime kabisa ipumzike."

Mama Damiani alivua miwani, akakaa kwenye kiti, akacheka mpaka akafuta machozi kwa pazia. Kisha akaanza hesabu upya, na akamkabidhi Hatibu ulinzi wa ile swichi. Hakuna mlinzi aliyewahi kuwa mkali kama yule. Siku moja mganga mkuu aliingia akitafuta mahali pa kuchaji simu, Hatibu akasimama kati yake na ukuta, akasema kwa adabu, "Samahani daktari, hapo kuna mtu." Mganga mkuu alienda kuchaji jikoni.

Mafanikio yake ni mengi, na mengine ninayataja bila kuyaelewa vizuri. Walimu wa vyuo vikuu wamefanya kazi naye na kuandika naye. Vijana wetu wawili, Xaveri na Kandida, walijifunza kwake na leo ndio wanaokiendesha Kichwa. Madaktari wa upasuaji kutoka hospitali za mbali humpigia simu kabla ya kuamua. Wageni wakubwa walipotutembelea, mmoja alimuuliza kama kompyuta ile inaponya. "Haiponyi, mheshimiwa," alijibu. "Inamsaidia daktari ajue aanze kuuliza nini: miguu, macho au maneno." Mgeni aliandika, kisha akaomba apigwe picha kando ya feni.

Nje ya kazi ana vibuyu. Ukipita nyumbani kwake Maisaka wakati wa mvua utaviona vimetambaa uzio mzima. Analima kama bibi yake alivyolima kule vilimani. Kibuyu kikiwa bado kichanga anakifunga kitambaa katikati, nacho kinapokua kinapata shingo ya kushikia. Kikikomaa anakifungua, anakitoboa, anakiosha kwa mawe na maji, anakikausha. Mtumishi akioa au akiolewa, anapewa kibuyu. Akihamishwa, kibuyu. Dk. Salvatory wa kliniki anacho cha maziwa ya mgando. Mimi ninacho kimoja, na hicho nitakieleza.

Hapa naomba mnivumilie, kwa sababu siwezi kuandika wasifu huu nikamruka mume wangu.

Amos alikuwa dalali wa mnada wa ng'ombe. Watu wa Babati waliomsikia akinadi hawahitaji nieleze, na ambao hawakumsikia sitaweza kuwaelezea. Alikuwa anaweza kumsifia ng'ombe mpaka mwenye ng'ombe akajuta kumleta. Ugonjwa wake ulianza na maumivu ya kichwa asubuhi, kisha mguu wa kulia akawa anauburuta. Mashine yetu ya CT ndiyo iliyouona uvimbe, upande wa kushoto, juu. Hospitali kubwa tuliyopelekwa walitoa kipande cha kupima, wakampa mionzi, wakasema kilichobaki kiko mahali ambapo kisu hakifiki bila kuharibu. Tukarudi nyumbani Nangara.

Mama Damiani aliomba ruhusa ya Dk. Salvatory na ya Amos mwenyewe akijenge kichwa chake kwenye kompyuta. Amos alikubali mara moja. Alipokuja kwenye kliniki alikuwa anapitia kwenye kile chumba, anajiangalia kwenye skrini, rangi nyekundu na buluu, anatikisa kichwa.

"Mama Damiani, ukikinadi hiki usikubali bei ya kwanza."

"Baba Vailet, hiki kimeshanunuliwa. Mwenyewe yuko mapokezi."

"Basi aliuziwa kikiwa kizima. Mwambie hakirudishwi."

Nilikuwa nawasikia kutoka mezani kwangu, na wagonjwa waliokuwa kwenye benchi walikuwa wanawasikia, na benchi zima lilikuwa linacheka.

Hatukuwa tunauliza kama atapona. Hilo tulishajibiwa. Binti yetu pekee, Vailet, alikuwa amechumbiwa na kijana wa Dareda anayeitwa Konstantini. Sendofu, sherehe ya kumuaga binti kwao, ilikuwa imepangwa Septemba, baada ya mavuno, na ndoa wiki moja baadaye. Amos alitaka kujua kama Septemba atakuwa bado na maneno.

"Mguu uende," alimwambia Dk. Salvatory. "Nitakaa kwenye kiti. Lakini binti yangu asiagwe na baba aliyenyamaza."

Hesabu ya kwanza ilitoka Februari ya mwaka juzi. Dk. Salvatory na Mama Damiani walituita pamoja. Kichwa kilionyesha kwamba uvimbe unasukuma kuelekea upande wa kulia, msukumo unagawanyika, unapungua nguvu. Sehemu ya maneno, ambayo iko kushoto kwa mbele, ilikuwa bado ina nafasi. Walisema mara nyingi kwamba haya ni makisio, na Dk. Salvatory alirudia tena tulipokuwa mlangoni. Lakini sisi tulikuwa tumeshasikia Septemba. Tulinunua perege wa ziwani, tukala tukashiba, na kamati ya sendofu ikaanza vikao.

Ilikuwa Jumapili moja ya Kwaresima, baada ya misa ya pili. Mvua ilikuwa imenyesha na barabara ya kwetu Nangara ilikuwa matope. Nilimwona Mama Damiani anakuja kwa miguu, amevaa gauni lake la kanisani na gambuti, viatu ameviweka kwenye mfuko, na mkononi kopo la udongo lenye mche, na kwenye mche kibuyu kichanga, cha kijani bado, kimefungwa kipande cha kitenge katikati. Nilidhani ameleta zawadi ya Vailet mapema.

"Tumsifu Yesu Kristo."

"Milele amina. Karibu ndani."

"Baba Vailet, nimekosea," alisema kabla hajakaa.

Amos alimtazama. "Umekosea njia au umekosea hesabu?"

"Hesabu."

"Basi kaa. Wanaosimama ni waliokosea njia."

Alikaa. Alitueleza kwamba katikati ya ubongo, kati ya nusu ya kushoto na ya kulia, kuna utando umesimama kama ukuta, mwembamba lakini mgumu kama ngozi ya ngoma. Alipokijenga kichwa cha Amos, utando ule aliupa ulaini uleule wa ubongo. Kwenye kompyuta ukawa unasogea kirahisi, na uvimbe ukapata pa kupumulia upande wa pili. Hakuligundua kosa hilo ofisini. Aliligundua uzioni kwake Maisaka, akiwa anakagua vibuyu.

Alimpakatisha Amos lile kopo. "Tazama. Hapa nilipofunga hakikui. Lakini hakijaacha kukua. Kinatokea huku." Alielekeza kidole kwenye tumbo la kibuyu, lilivyovimba chini ya kitambaa. "Utando wako ni hiki kitambaa. Hausogei nilivyodhani. Msukumo hauendi kulia, unarudi huku." Akagusa paji lake mwenyewe, upande wa kushoto. "Nimehesabu upya wiki nzima. Dk. Salvatory ameona na amekubali nije. Septemba siioni, Baba Vailet. Naona Mei, labda Juni. Na hayo nayo ni makisio."

Mimi nilikuwa nimesimama na birika. Nilitaka kumkasirikia mtu, na mtu aliyekuwepo alikuwa ametembea kutoka Maisaka kwenye matope kuja kusema amekosea, wakati ambapo hakuna mwingine duniani ambaye angejua. Nikamimina chai.

Amos alikipapasa kibuyu kwa vidole.

"Hiki utakifungua lini?" akauliza.

"Kikikomaa."

"Haya," akasema Amos. "Mama Vailet, iite kamati. Hatusubiri mavuno."

Kamati ilikaa sebuleni kwetu jioni ileile, na shangazi yake Vailet, wifi yangu mkubwa, Bernadina, hakuamini masikio yake.

"Sendofu Aprili, ndoa Septemba? Katikati hapo bibi harusi anakuwa wa nani?"

"Wa kwangu," alisema Amos. "Namuaga, halafu nakaa naye."

"Kaka, hilo halijawahi kutokea. Na mahindi yako magotini. Watu watacheza muziki na majembe?"

"Wayaache mlangoni. Mimi sitaki majembe, nataka masikio."

Shangazi alimtazama kaka yake vizuri. Kisha akauliza wali utapikwa wa watu wangapi.

Wazazi wa Konstantini walikubali. Padri alisema ndoa na ibaki tarehe yake, sendofu ni shughuli ya familia. Kwa hiyo tulimuaga Vailet Jumamosi baada ya Pasaka, kwenye turubai lililofungwa uwanjani kwetu, na wageni kutoka Dareda waliingia na matope mpaka kwenye magoti ya suruali zao nzuri.

Amos aliletwa kwenye kiti, mguu wa kulia umenyooshwa juu ya kigoda. MC alimpa kipaza sauti. Alikirudisha. Alimwambia Vailet asimame katikati, akaanza, kwa sauti ile ya mnada ambayo nilidhani sitaisikia tena.

"Haya, haya, haya! Sogeeni mbele, wa nyuma hamwoni! Huyu hapa ni wa Nangara, amekulia maharage ya Nangara, amesoma, anapika, anajibu! Anajibu sana, nawaambia mapema, msije mkasema dalali alificha! Meno yote yapo, fungua mdomo mwanangu waone!"

Vailet alikuwa analia na kucheka, akaonyesha meno.

"Nani anaanza? Dareda naona mmenyoosha mkono. Shusheni! Nimenadi ng'ombe wa kila rangi katika mji huu, na kila mmoja nilimpatia bei. Huyu nimemtafutia bei tangu siku aliyozaliwa sijaipata. Hauzwi! Namtoa. Na dalali akitoa kitu chake mwenyewe, anabaki na haki moja: kupita njiani aone kama amenenepa."

Akamshika mkono Konstantini. Alisema maneno mengine, ya baba, kwa sauti ya kawaida, na hayo nimeyaweka ya kwetu.

Mama Damiani alikuwa amekaa nyuma karibu na masufuria. Nilipomtazama alikuwa anapiga makofi huku sahani ya wali imekaa mapajani, na wali unamwagika. Hakuona.

Asubuhi yake mtu wa kwanza kuamka katika nyumba yetu alikuwa bibi harusi tuliyemuaga jana. Alikuwa bombani, anachota maji. Baba yake alimwona kupitia dirishani akasema, "Mgeni gani huyu asiyeondoka?" Vailet alikaa nasi miezi yote iliyofuata. Alimwogesha, alimlisha, alimsomea magazeti. Shangazi Bernadina hakuuliza tena ni wa nani.

Maneno yalianza kumpotea mwishoni mwa Mei. Kijiko kikawa "kile cha uji". Mimi nikawa "mama, mama huyu". Mwisho lilibaki neno moja, nalo ni "haya". Alilisema kwa namna nyingi, la kushukuru, la kukataa, la kuuliza nimetoka wapi, na tulikuwa tunamwelewa. Mama Damiani alikuja kila Jumapili. Alikaa karibu na kitanda, akamweleza habari za Hatibu na swichi yake, na Amos alikuwa anasema haya mahali pa kucheka. Alifariki Agosti, wiki ambayo watu walikuwa wanavuna.

Ndoa ilifungwa Septemba kama ilivyopangwa. Kiti chake tulikiweka mbele. Hakuna mgeni aliyeuliza baba wa binti angesema nini, maana wote walikuwa wameshamsikia.

Kibuyu kile kilifunguliwa kitambaa chake kilipokomaa. Mama Damiani aliniletea kikavu, na shingo nzuri kabisa. Kiko mezani kwangu mapokezi, nyuma ya simu. Watu wengi wamekuwa wakiniuliza kinahifadhi nini. Hakihifadhi kitu.

Kutokana na safari ile ya matope, Kitengo cha Picha kina desturi yake, na pengine hii ndiyo kazi kubwa aliyotuachia kuliko kompyuta. Ukikosea jambo la mgonjwa, huliachi kwa mtu mwingine, hulitumi kwa simu. Unainuka, unaenda mwenyewe, unalisema kabla hujakaa. Kandida aliwahi kuchanganya picha za watu wawili, akawafuata kwa bodaboda hadi stendi, akamshusha mmoja kwenye basi lililokuwa limeshawashwa. Xaveri alitembea hadi Bonga. Mimi mwenyewe nikimpa mtu tarehe isiyo yake, namfuata kwenye bajaji kabla haijaondoka. Wageni wanaoanza kazi kwetu hushangaa, halafu huzoea. Na ule utando wa katikati, Xaveri ananiambia, sasa ndio kitu cha kwanza kinachokaguliwa kila Kichwa kipya kinapojengwa. Wao wanauita kitambaa.

Mama Damiani, hapa naacha kuwaeleza wengine habari zako, nakuambia wewe mwenyewe.

Watumishi wote wa hospitali tunakushukuru. Tunakushukuru kwa mbavu zilizoanikwa kambani na kwa vichwa vyote ulivyovihesabu. Hatibu ameapa kwamba swichi haitaguswa na mtu. Jikoni wamesema ukoko wako utaendelea kuwekwa siku yoyote utakayopita. Tunakuombea afya, mvua ya kutosha na uzio imara, uishi vizuri na wajukuu, na ulale mchana bila kusikia feni.

Vailet anakusalimia kutoka Dareda. Amejifungua mtoto wa kike mwezi uliopita. Anasema shikamoo, na anasema nikukumbushe kwamba katika familia yetu mtu anaweza kuagwa kwa muziki na wali, na asubuhi yake akakutwa bombani anachota maji. Ukikutwa kwenye korido yetu Januari, hakuna atakayekuuliza.

Na mvua zikishika, ukaenda uzioni kufunga kibuyu cha kwanza, tunaomba utukumbuke. Mtaje na Amos.

Rosa, Mama Vailet
Mapokezi, Kitengo cha Picha